Duara Linalopita Baraka

Bukavu, kilimani kwenye mashine, Alhamisi

Kwako Mama yangu, na kwako Apendeki, dada yangu unayemsomea,

Mimi ni mzima wa mwili. Naanza na hilo kwa sababu najua Mama haketi mpaka alisikie. Nanyi je, mko wazima? Katika kila barua nauliza hivyo kwa mazoea, mkono unaandika wenyewe. Leo nauliza kweli, kama mtu anayepiga hodi na hasikii kitu ndani. Mama, mguu wako wa kushoto umepoa? Ndakala, dagaa wa ziwa letu, wanapatikana? Mihogo ya bondeni imeoza na mvua ama mliiwahi?

Apendeki, ukifika hapa, simama. Usiendelee kusoma. Nenda ukatoe mkeka wa Mama na blanketi lake kwenye nyumba ya matofali, uvipeleke jikoni, halafu rudi usome. Akikuuliza kwa nini, mwambie Asukulu amesema, na sababu inakuja.

Mama, wewe huwaambia watu wa Baraka kwamba mwanao analinda mashine ya wazungu, na sijawahi kukusahihisha, maana si uongo sana. Ila wazungu wenyewe wamekwenda zao, amebaki enjinyeri mmoja wa hapahapa, na mimi. Ndani ya nyumba ndogo ya mawe unaning'inia uzito wa chuma. Ardhi ikitikisika, nyumba nayo inatikisika, lakini ule uzito ni mvivu, unabaki pale ulipo. Sindano iliyofungwa kwake inakwaruza karatasi inayozunguka polepole usiku na mchana. Karatasi naipaka moshi wa taa mimi mwenyewe mpaka iwe nyeusi kama sufuria yako ya maharagwe, ili mkwaruzo uonekane mweupe. Kila siku saa mbili asubuhi naitoa, naweka nyingine. Ndiyo kazi iliyonizeesha miaka sita.

Sindano haichagui. Kamioni ikipanda kilima, inaandika. Kina mama wa kijiji cha chini wakitwanga sombe, yale majani ya mihogo, inaandika meno madogo, moja kwa kila pigo. Nilipotumwa kuwakataza wasitwange karibu, walinicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaniuliza, "We baba ya mashini, bibi yako anakupikiaka sombe ya kutafuna kama mbuzi?" Lakini walihamisha vinu vyao nyuma ya migomba, na karatasi zangu zikawa safi.

Jumanne nilifungua mlango nikakuta karatasi imechafuka. Sindano ilikuwa imetupwa huku na huku hadi pembeni, mistari imepandana, moshi umekwanguka wote. Nilisoma saa yake: saa kumi na moja alfajiri na dakika chache. Mama, saa hiyo wewe ulikuwa umeamka? Zamani ungekuwa umeshashika ufagio, uko nje unawagombeza kuku. Tangu mguu uanze kukuuma, sijui tena unaamka saa ngapi. Nimekuwa nikijiuliza hilo tu kwa siku tatu, na inaniuma kwamba mtoto wako sijui.

Ardhi ikivunjika mahali, habari yake huletwa na wajumbe wawili. Wa kwanza ana mbio, wa pili anakuja nyuma, mzito, na huyo ndiye mbomoaji. Ukihesabu sekunde kati yao unajua wametoka mbali kiasi gani, kama tulivyokuwa tukihesabu kati ya umeme na ngurumo mvua ikitoka ziwani. Nilihesabu ishirini na mbili. Nikarudia, ishirini na mbili. Nikachukua bikari nikachora duara kwenye ramani, na hapa kwetu ndipo katikati yake. Duara likapita kwenye misitu ya Shabunda, likapita Burundi, likapita kaskazini kule kwenye ziwa la viboko. Na kusini likapita Baraka, barabara, kalamu ikafunika jina.

Nilimkimbilia enjinyeri na ramani mkononi. Aliitazama muda mrefu, maana si mtu mbaya. Akasema, "Asukulu, mashini moja haijuake upande. Inajua mbali tu. Hii duara haina mama yako, ni duara." Ili kujua ni wapi hasa, lazima maduara matatu ya mashine tatu yakutane. Mashine ya pili, karatasi zimewaishia. Ya tatu hutuma hesabu zake kwa posta, mwisho wa mwezi. Basi tunangoja mwisho wa mwezi ndipo tujue Jumanne kulikuwa na nini.

Wewe unakumbuka nilipokuja likizo ile ya mwisho, nilikueleza habari ya dunia tukiwa tumekaa pale jikoni, unachambua sombe. Nilikwambia dunia si pande moja gumu. Ndani kabisa ni chuma, cha moto kupita tanuru lolote, na katikati yake moto ni mkali zaidi lakini chuma kimekazana kigumu kwa kulemewa na vyote vilivyo juu. Juu ya hicho chuma yapo mawe ya moto yanayojongea taratibu mno. Na hapa tunapokaa sisi ni ganda tu, kama utando wa uji uliopoa. Ganda lenyewe limekatika vipande vikubwa, vingine vikubwa kuliko Zaire mara nyingi, na kila kipande kinasafiri kwa mwendo wa ukucha unavyoota. Ziwa letu ni mahali panapopasuka. Upande wa Kigoma unavutwa kule, sisi tunavutwa huku, katikati ardhi ikadidimia na maji yakajaa. Hata mlima wa Ubwari, unaoutazama kila asubuhi ng'ambo ya ghuba, ni pande lililobaki limesimama wenzake walipozama kushoto na kulia.

Ulisikiliza mpaka mwisho, ukaniuliza, "Na ni nani iko navuta?"

Swali hilo nilirudi nalo Bukavu. Nilimpelekea enjinyeri swali lako, akacheka, kisha akasema ni joto la chini. Naye hakuwa na raha na jibu lake.

Sasa nisikilize vizuri, Mama, maana hapa ndipo nilipokukosea. Mimi niliyekuwa najua hayo yote ndiye niliyekujengea nyumba ya matofali juu ya ufa huo. Niliona haya. Watu wakipita kwenda sokoni wanasema, tazama, mtoto anafanya kazi Bukavu na mama analala kwenye fito na udongo. Nikaja, nikaibomoa nyumba yako ya fito kwa mikono yangu, nikabakiza jiko lako la fito tu. Ulipoingia katika ile mpya mara ya kwanza uligusa ukuta ukasema, "Hii nyumba haipumuake." Nilicheka. Nilikwambia utaizoea. Mama, nyumba ya fito ardhi ikitikisika inayumba, inalia, inasimama tena. Ile ya zamani ilipita matetemeko mangapi ukiwa na sisi mgongoni?

Na liko neno jingine, ambalo shemeji Wilondja peke yake ndiye anayelijua, kwa kuwa ndiye fundi. Sementi ilikosekana mwaka ule, hata kwa wakubwa. Mifuko michache niliyoipata haikutosha kujengea. Tulisimamisha matofali kwa tope la mto Mutambala, halafu ile sementi tukaipaka nje, ionekane. Ulipokuwa ukiwaonyesha wageni ukuta wako laini, mimi nilikuwa natazama chini. Nilijiambia kwamba dunia inakwenda kwa mwendo wa ukucha, nyumba itazeeka kabla. Sikujiambia kwamba ukucha nao hufika siku ukavunjika. Shemeji asilaumiwe, alinikatalia mara mbili, mimi ndiye niliyeng'ang'ania.

Jumanne hiyohiyo niliteremka mjini kupiga telegramu. Nikaandika: tokeni ndani ya nyumba ya matofali, tetemeko linaweza kurudi. Karani aliisoma akairudisha upande wangu.

"Radio ilishatangaza?"

"Hapana."

"Basi hakuna tetemeko, sitwayeni," akasema, ndivyo raia tunavyoitwa maofisini. " Habari ya kuogopesha batu haipitake hapa. Andika kitu ingine."

"Niandike nini?"

"Andika salamu."

Nikaandika salamu. Mama, mkipata telegramu yenye salamu kwenu wote na hakuna kingine, mjue mwenye kuandika alikuwa analia. Toka hapo nilikwenda kwa mapadri wanaoongea na Baraka kwa foni, ile redio yao ya kuitana. Waliita mbele yangu, wakaita tena. Hakuna aliyejibu. Padri akasema mara nyingi betri ya huko hufa, nisiweke moyo. Nimekwenda tena jana na leo, betri bado imekufa, kama kweli ni betri.

Jana nilivaa suruali yangu nzuri nikaenda kwenye biro ya serikali kuomba ruhusa ya kusafiri. Bila karatasi hiyo sivuki hata kizuizi cha kwanza, sembuse vile vya kwenu. Bwana mmoja aliyevaa abakosti, lile koti la wakubwa lisilo na tai, beji ya chama kifuani, alisoma cheti changu.

"Unatoka Fizi. Unaenda kuona nani kule?"

"Mama yangu."

"Iko mugonjwa?"

"Sijui."

"Alikufa?"

"Sijui, mkubwa."

"Sasa unaomba ruhusa ya nini? Leta telegramu yenye kusema iko mugonjwa ao alikufa. Nitakupigia muhuri leoleo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenionyesha njia. Nimetoka pale nikakaa kwenye ngazi zao. Ili nije kukutazama, Mama, lazima kwanza uwe umekufa, na mtu awe ameliandika hilo na posta imelileta. Nilifikiri kutoroka kwa miguu kupitia milimani. Lakini mtu wa kwetu Fizi akikutwa njiani bila karatasi anaitwa mwasi, na mnajua anapelekwa wapi. Nikikamatwa mimi mtahojiwa nyinyi. Basi nimerudi kupaka karatasi moshi.

Barua hii haipiti posta. Naituma kwa mkono wa Mama Faila wa Nundu, yule anayeleta samaki, migebuka mikavu, soko la hapa. Aliondoka kwao kabla ya Jumanne, hajui lolote. Nilimweleza, akanionyesha pindo la kitenge chake atakamoifunga barua, kisha akanitazama. "Nitamufikishia. Lakini we mutoto, unamwambia mama yako atoke mu nyumba ya matofali? Si wewe ulimuingizaka?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Haraka yangu ni hii: tetemeko kubwa haliendi peke yake, linafuatwa na wadogo zake, na ukuta uliopata ufa siku ya kwanza unaweza kuangushwa na mdogo wa siku ya kumi. Tangu Jumanne sindano imeandika alama saba za hao wadogo, na zote nimezihesabu: ishirini na mbili, ishirini na mbili. Naziona kila moja. Inapoanza kutikisika nasimama, mkono unakwenda wenyewe kwenye sindano kama nitaishika isimame. Nikiishika naharibu karatasi, na kwenu hakubadiliki kitu.

Labda ni Shabunda, msituni, wameanguka nyani tu kutoka mitini. Naomba iwe Shabunda. Halafu naona haya, maana Shabunda nako wapo mama za watu. Kama ni hivyo, mtacheka barua hii, na watu watasema Asukulu amemrudisha mama yake kulala na kuku. Wacheni waseme. Mama, niite mjinga, lakini lala jikoni.

Nisalimieni shemeji Wilondja. Mwambie, Apendeki, apige ngumi plasta ya ukuta wa nyuma asikilize kama imeachana. Nisalimieni shangazi mkaushaji wa samaki, na mjomba mwinjilisti aombe, lakini aombee nje. Mtoto wako, Apendeki, asicheze karibu na ule ukuta.

Na Apendeki, ikiwa huna wa kumsomea barua hii, usitafute namna ya kunificha kwa kunihurumia. Piga telegramu ya neno moja tu, wale wa biro wataligonga muhuri.

La mwisho, Mama. Leo asubuhi niliteremka kwenye migomba nikawaomba wale kina mama warudishe vinu vyao karibu na nyumba ya mashine. Walinitazama kama mtu aliyeingiwa na pepo. Yule mcheshi akauliza, "Enjinyeri alikubali?" Nikamwambia hapana. Hakuuliza tena, akakibeba kinu chake akaja, na wenzake wakamfuata. Nikakaa mbele ya sindano nikiitazama inavyoandika meno madogo, pigo kwa pigo. Mashine hii inasikia milima ikivunjika ng'ambo ya bahari, lakini kinu chako pale mbele ya jiko haikisikii, ni kidogo mno na ni mbali mno. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo nilichagua pigo moja, lililokuja likiwa limechelewa kidogo, kama la mtu anayeegemea mguu mmoja, nikakwaruza jina lako kando yake kwa ukucha.

Ni mimi mwanao asiyekufaa kitu leo,

Asukulu