Mpeni Kula

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, nami nazidisha kitambi. Fulana za kampeni ya kaka yetu mkubwa nilizichapa mwenyewe, na ulimi wangu huu unaoucheka ukaniponza: badala ya "Mpeni kura" nikaandika "Mpeni kula". Kaka akasema, "Ziache, fundi, wataelewa."

Wakaelewa. Kila mkutano wakapiga kelele, "Tulishe sisi kwanza!" Kuwalisha kukaimaliza nyumba ya Mama, aliiuza mwenyewe, eti mwana ni mwana.

Kaka alishinda. Simu zetu hapokei. Mama nalala naye karakanani, kati ya makopo ya rangi.

Ukija likizo, usimpitishe mtaa wetu wa zamani. Juzi aliingia uani mwa wenyewe, akaanua nguo zao, akazikunja vizuri.

Kakako, fundi wa fulana