Kurasa Nisizozichekea

Jumatatu, 3 Machi
Jino la mtoto linaota. Usingizi wangu vipande vipande! Saa nne asubuhi baba mkwe kaniita nisikilize akisoma alichoandika. Marehemu mama mkwe ndiye aliyekuwa msikilizaji wake. Kiti nimekirithi mimi, na kupiga chapa pia. Ameandika vitabu kumi na kimoja vya kuchekesha, vyote kuhusu Mhindi kama yeye aliyehamia ugenini akagombana na kila kitu, kuanzia baridi mpaka jirani. Hiki cha kumi na mbili anasema ndicho cha mwisho.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua! Akisoma ananitazama usoni. Nisipocheka, anachana ukurasa, kapuni. Leo sita. Na mimi nilikuwa nimesinzia macho wazi! Mchapishaji kashasema chini ya kurasa mia hachapi.
Nimemwambia, Baba, ni uchovu tu. Akasema kichekesho kizuri humwamsha mtu, kibaya humbembeleza. Basi msomee mjukuu wako, nikamjibu, yeye halali kabisa! Alicheka. Lakini hakuokota kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeokota mimi. Kumi na nane, pamoja na za juzi na jana. Nimeziunga kwa gundi juu ya meza ya pasi, mtoto mgongoni. Ile ya Mhindi kumfundisha jirani baiskeli, na mwenyewe hajui kupanda – nimecheka mpaka mtoto kaamka!
Mume wangu anasema niache, kitabu ni cha mzee. Ni chake, nikamwambia. Kicheko je? Kicheko ni changu, na hakichanwi na mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Mchapishaji anakuja keshokutwa. Nimemaliza kuchapa. Bila zile kumi na nane, kurasa tisini na moja. Nazo, mia na tisa. Kuzichomeka kimyakimya? Ng'o! Siyo heshima. Nimemwekea mezani, juu nimeandika: Baba, hizi nilikuwa nimelala. Nisomee tena.
Alizishika muda mrefu. Akapapasa gundi kwa kidole. Akaniuliza, mama yenu angezicheka? Sijui, Baba. Mimi nimezicheka.
Akaingia chumbani nazo.
Sasa anaita: mwanangu, uko macho?
Mtoto nimempa baba yake. Uso nimenawa maji baridi. Ile ya baiskeli naijua neno kwa neno, na tayari mbavu zinanicheza. Nasikia anakohoa – ndivyo anavyoanza. Kiti kimevutwa. Naenda.