Safu ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 30 Januari

Imepasuka. Ufa mwembamba kuliko unywele, kwenye ncha moja ya safu ya kumi na mbili ya stenti yetu, kijibomba cha kushikilia mshipa. Bi Otowa, mwenzangu wa maabara, ndiye aliyeuona kwenye hadubini, akaniita kwa kidole. Nikatazama. Heri nisingetazama!

Mashine ya mapigo ilikuwa imefika milioni ishirini na moja tu. Tunataka milioni mia nne, miaka kumi ya moyo wa mtu, stenti ikitanuka na kunywea ndani ya maji ya uvuguvugu. Nimepiga hesabu: mapigo sabini kwa dakika — miezi saba. Miezi saba!

Mkuu Nagahisa akapita na swali lake la kila siku, mchicha umeiva? Ripoti, taarifa, ushauri: mianzo ya maneno hayo kwa Kijapani ikiungana inakuwa jina la mchicha, na mzaha huu haujamchosha kwa miaka kumi na mmoja. Nikasema bado uko jikoni. Bi Otowa akanitazama, akarudi kwenye hadubini.

Mezani kwangu kuna matufaha, shukrani ya mgonjwa wa kwanza. Mkulima, sijui hata jina lake. Ana stenti yetu tumboni tangu Desemba. Sijaweza kula hata moja.

Jumanne, 31 Januari

Nimejua sababu. Ni mimi.

Stenti yetu hukunjwa kama karatasi ili ipite njia nyembamba, kisha hujikunjua ikifika kwenye mshipa. Kwenye mchoro, kila mkunjo nimeuandikia neno: mlima ukiinuka, bonde ukizama. Safu ya kumi na mbili nimeandika kinyume. Yote! Sampuli ya kwanza niliikunja mwenyewe kwa mkono, ikamaliza milioni mia nne bila hata mkwaruzo. Hii ya kiwandani imefuata maandishi yangu.

Ugonjwa huu naujua ulikotoka. Baba alikuwa fundi wa saa. Alinifundisha kukunja karatasi akiwa ameketi mbele yangu, ameiinua ili nione vizuri. Yeye akiona mgongo wake, mimi naona uso. Mlima wake ukawa bonde langu. Shuleni watoto walinicheka mpaka nikajirekebisha, lakini nikiogopa, mkono hurudia kosa lake la zamani. Na safu ile niliichora siku tuliyoambiwa kwamba mshipa mkuu wa Baba umevimba tumboni.

Stenti sita zimetoka kwenye mchoro huo. Moja anayo mkulima. Ya pili ni ya Baba, Jumatano ya wiki ijayo. Kazini hakuna anayejua kuwa ni baba yangu. Tangu niolewe majina yetu ni tofauti. Nami nimenyamaza.

Alhamisi, 2 Februari

Sijasema. Nikisema, upasuaji unasimama, na uvimbe hausimami. Nisiposema —

Bi Otowa kwenye ngazi, bila kunitazama: "Mficha maradhi, kilio humfichua." Akaendelea kupanda.

Ijumaa, 3 Februari

Siku ya kufukuza mashetani. Baba alirusha maharage mlangoni, kisha akanirushia na mimi, eti leo nina sura yao. Tukala punje kwa hesabu ya umri. Yeye sabini na nane, na moja ya ziada ya mwaka unaokuja. Hiyo moja aliizungusha vidoleni muda mrefu kabla ya kuitia kinywani.

Kisu cha kupasua tumbo moyo wake hautakihimili. Stenti nyingine ni nene, hazipiti kwenye mishipa yake. Amebaki na yetu tu, na anajivunia: huwaambia majirani atavaa kazi ya binti yake. Nilitaka kumwambia. Nikamwuliza kama maharage ni magumu.

Jumatatu, 6 Februari

Nimesema.

Mkuu Nagahisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akauliza kama namfahamu mgonjwa wa pili. Nikamwambia hilo nalo.

"Mchicha huu umeuacha ukaoza, Bi Komaki." Hakuwa anatania.

Akapiga simu hospitali nikiwa nimesimama mbele yake. Stenti zote zimezuiwa. Mkulima ataitwa apigwe picha. Mpya zitachukua wiki tatu. Bi Otowa akanimenyea tufaha moja, nikalila huku nalia. Daktari atampa Baba habari kesho.

Jumanne, 7 Februari. Hospitali

Baba alishikwa na mgongo asubuhi akipiga mswaki. Uvimbe umeanza kuvuja. Hawezi kungoja wiki tatu, hata siku mbili hawezi.

Daktari Usami amesema ile stenti bado iko kabatini, imefungwa utepe mwekundu. Kamati inaweza kuiruhusu kwa dharura, kukiwa na sahihi ya aliyeibuni. "Sitaki neno la binti," akasema. "Nataka la mbunifu. Itashika, au haitashika?"

Nimemweleza Baba yote. Ufa, maandishi, kunyamaza kwangu. Akaomba karatasi, akapewa orodha ya chakula. Akaikunja mara moja, akaiinua mbele yangu kama zamani.

"Huu nini?"

"Bonde."

Akacheka, kisha maumivu yakamkatiza. "Basi kosa ni langu. Miezi saba inatosha, mwanangu. Utanikunjia nyingine."

Ni kweli, ya pili huweza kupachikwa ndani ya ya kwanza. Kama ya kwanza itakuwa imeshika. Nasema kama mbunifu? Nasema kama nani? Naogopa.

Daktari ameenda kuita kamati. Amenipa dakika kumi. Fomu iko gotini, chini ya daftari hili. Mkono wangu wa kushoto umemshika Baba, kidole juu ya mshipa. Nahesabu. Tisini na nane kwa dakika. Ile hesabu yangu ilikuwa ya sabini! Kwa mwendo huu ni miezi mitano.

Namwambia apumue polepole. Ananiambia nianze mimi.