Mashine Iuzwe Ili Kompyuta Ipate Kioo

Mshauri mpendwa, naomba uniokoe kabla sijapasua kitu humu ndani kwa hasira niliyonayo. Mimi ni mdarizi, naweka nembo kwenye sare za shule na majina kwenye mashuka ya hoteli, nina mashine ya kudarizi inayosoma michoro kutoka kwenye flashi, na michoro hiyo siku zote nachorewa na fundi mmoja ambaye akiwa na shughuli zake na kazi yangu inalala, ndipo nikamwambia mume wangu tununue kompyuta nichore mwenyewe, akakubali, tukadunduliza, na siku ya kununua ilipofika nilikuwa na sare za watu mezani, nikasema aende na mdogo wake kwa sababu huyo shemeji yangu mtaa mzima unamwita Mtaalamu.

Mshauri, wamerudi na dude! Sanduku kubwa kama kabati la vyombo, feni zinazunguka, taa nyekundu, bluu, kijani zinawaka, limekula akiba yote na halina kioo! Shemeji ananiambia, "Shemeji, hili ni balaa, halipitwi na wakati," nikamwuliza sasa nachoraje bila kioo, akasema kioo cha kawaida kitalidhalilisha, linataka chake maalumu, kwa sasa tuliunganishe kwenye televisheni ya sebuleni. Basi limeunganishwa, na tangu hapo anayelitumia ni yeye, kutwa anacheza mpira wa kwenye kompyuta na rafiki zake, wanapiga kelele "goli!" na mimi nimejibanza chumbani na nyuzi zangu, na nikimwambia anipishe nichore ananijibu eti programu ya kudarizi ni nyepesi mno, ni kulitukana.

Hayo ningeyameza. Lakini juzi mume wangu kaniketisha, kwa upole kabisa, akasema wameshauriana na Mtaalamu, tuuze mashine ya kudarizi tupate hela ya kioo. Nikamwuliza, "Baba watoto, nikishachora, nitadarizia nini?" Akanijibu, "Tumalize kwanza kompyuta, mashine tutanunua nyingine." Na mnunuzi kashapatikana, anakuja Jumamosi kuichukua! Mama mkwe naye ananiambia mke mwema habishani. Mashine ile ndiyo inayolisha nyumba hii tangu mume wangu apunguzwe kazi kiwandani. Je, nikikataa nitakuwa nimemvunjia heshima?

Mdarizi Mwenye Moto Kifuani

*

Mdarizi, pole. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa nisikilize.

Nimeisoma barua yako nikasimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Wanauza ng'ombe wanunue kamba ya kumfungia! Halafu unaniuliza habari ya heshima. Heshima gani inayokutaka ulale njaa huku shemeji anafunga magoli?

Lakini na wewe nina neno nawe. Kazi ni yako, akiba ni jasho lako, halafu unamtuma dukani mtu asiyejua hata uzi unapitia wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shemeji yako hakununua kompyuta mbaya, alinunua ya kwake kwa hela yako. Na mwenye duka, akimwona mtu anashangaa taa, unadhani atamwonyesha cha bei nafuu? Thubutu!

Mumeo usimfanye mwizi. Nionavyo mimi, alisimama pale dukani akaitikia maneno asiyoyaelewa, na sasa anaona aibu kusema hakuelewa. Aibu hiyo mkiiendekeza mtauza mpaka mlango. Kaeni wawili, bila Mtaalamu, bila mama mkwe, umwambie, "Mume wangu, tulikosea sote, mimi kwa kutokwenda." Ukianza hivyo atapata pa kushukia.

Kisha chomoeni hilo dude, litieni kwenye boksi lake, mbebe na risiti, mwende dukani pamoja. Wakikataa kurudisha fedha, waombeni wawabadilishie. Wakikataa na hilo, liuzeni kwa wapenda michezo, hasara itakayopatikana imezeni.

Unachohitaji wewe ni laptop ya kawaida, hata iliyotumika, na kioo inacho tayari. Kwanza mpigie aliyekuuzia mashine, umwulize programu gani ya kuchorea inaelewana nayo na inataka kompyuta ya namna gani. Hicho ndicho kipimo chako. Dukani usiulize ipi kali. Sema, "Mimi nadarizi," waombe wakuwekee programu ya majaribio, toa flashi yako, fungua mchoro wenye rangi nyingi kuliko yote, ubadilishe, uuhifadhi, uone kama inasuasua. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB nane, na hifadhi iwe ya kasi, SSD, maana ile ya zamani utaisubiri mpaka usinzie. Bonyeza kila herufi, ichomoe kwenye umeme uone betri inavyokaa. Mtu akicheka, mwache acheke, hela si yake.

Mama mkwe akirudia wimbo wake, mwulize kwa adabu chakula cha kesho kitatoka wapi.

Na Jumamosi mnunuzi akija, usimkaripie, hana kosa. Akukute umekaa kitini, nembo za watu zinatoka moja baada ya nyingine. Mwambie haiuzwi, kisha endelea kudarizi.