Michembe juu ya Vioo vya Jua

Ng'ambo,
Tabora.
9 Agosti, 1979.

Mpendwa mume wangu Mfaume,

Marahaba. Najua shikamoo umeshaitoa kabla hujafungua bahasha, maana wewe mjukuu wangu nimekulea mwenyewe. Hujambo huko Dar es Salaam? Kifua chako je? Unakula, au unashindia chai kama wasomi wenzako? Mimi homa ilinilaza siku tatu mwezi uliopita, sasa nimesimama. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi za kisomo cha watu wazima. Usicheke mwandiko. Maneno yaliyomo sikutaka kumpa mtu aniandikie.

Bustani ya wananchi mliyoitengeneza kwenye lile gofu la ghala, mahali wapagazi wa zamani walipokuwa wakitua mizigo, imependeza. Mijohoro imenipita kimo. Vile vioo vyako vya umeme vilikuwa vinakula jua mchana na kujaza betri, jioni redio inasema, watu wamejaa kwenye viti.

Mwezi wa sita redio ikaanza kukata. Taarifa ya habari haifiki katikati. Mabruki, balozi wetu wa nyumba kumi, akaita mkutano. Wakasema mlinzi wa bustani, Kasimiri, anauza umeme wa betri kwa wenye redio zao. Mimi ndiye niliyepaza sauti: "Mnangoja nini? Kakagueni kwake!" Wakaenda. Wakapekua mpaka kitanda cha mkewe, Bertila, majirani wakitazama. Hawakuona kitu, na kazi wakamnyang'anya.

Mfaume, aliyeiba jua ni mimi.

Kila asubuhi Kasimiri akishafuta vioo na kwenda kuteka maji, kisha kwake kulala maana alilinda usiku, nilikuwa naanika michembe yangu, vile vipande vya viazi, juu yavyo. Viazi vinakauka pale kuliko kwenye jiwe lolote, na mbuzi hawafiki. Nilijiambia jua ni la Mungu, litapungukiwa nini na viazi vyangu? Alasiri naanua. Walioniona hawakusema kitu, wao pia huanika popote penye joto.

Siku za homa sikuanika. Siku ya pili nikiwa kitandani nikaisikia redio inasema vizuri kabisa. Nilipopona nikaanika tena, ikanyamaza. Hapo nikajua. Na katika homa ile, aliyeniletea uji asubuhi na jioni ni Bertila.

Nilikaa kimya siku kumi na moja. Andika hizo siku mahali, usizisahau, mimi sizisahau.

Jumapili nikasimama bustanini nikasema yote. Mabruki akauliza, "Bibi, unatutania?" Zamda muuza vitumbua akadakia, "Kumbe umeme wetu wote uko tumboni mwako!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilitaka wanitukane. Kasimiri hakuchekewa, alipekuliwa, kwa kuwa yeye ni mgeni aliyetoka kijiji cha Lusu na mimi ni wa hapa. Kicheko kile kimeniuma kuliko homa.

Kazi amerudishiwa. Nilikwenda kwake nikapiga magoti, na umri wangu huu. Akaniinua, akasema, "Mama, yamekwisha." Bertila alikuwa anafua. Aliniamkia vizuri, lakini kichwa hakuinua. Nikamwuliza, nikulipe nini? Akasema, "Baba yangu kule Urambo ameshaambiwa ameozesha kwa mwizi. Amekataa kuja kuwaona wajukuu."

Basi keshokutwa napanda treni. Nitakwenda Urambo nimwambie mzee huyo, mbele ya watu wa kwake, mwizi ni nani. Akinifukuza, nitakaa mlangoni pake mpaka anisikilize.

Wewe usije kunitetea, wala usiwaambie watu nimezeeka. Uzee haukuhusika. Nilijua, nikanyamaza.

Nisalimie mke mwenzangu Maua, mwambie asikudekeze. Mjomba wako Shaban anakusalimu, na dada yako Tekla wa jirani naye. Mungu akuweke mbali na aibu ya kujitakia.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata leo ninapoona haya kuliandika jina langu,

Mwanajuma binti Selemani