Chaki ya Baba

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shangazi, na kwamba magoti yameacha kukusumbua. Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Ningekupigia, lakini wewe na simu ni paka na panya. Mara ya mwisho uliishika ile ya shangazi kichwa chini, kisha ukanilaumu kwamba naongea kwa mbali. Kwa hiyo nimempa dereva wa basi barua hii akuletee, kama kawaida yetu.

Ugonjwa umefika, Baba. Wodi ya pili, ile iliyo juu ya stoo yetu, imefanywa ya wagonjwa wa kifua peke yao, na ndugu hawaruhusiwi kukanyaga ngazi. Nasema stoo yetu kwa sababu watu hapa bado wanaiita stoo ya mzee, ingawa huu ni mwaka wa nne tangu unikabidhi funguo.

Shida ni oksijeni. Kiwanda kinachotujazia mitungi kimegoma tangu Januari kwa kuwa wizara haijatuma fungu letu. Ninayo mitungi sitini na minne. Iliyojaa ni kumi na tisa tu. Mingine yote nimeichora msalaba wa chaki shingoni kama ulivyonifundisha, nikaisimamisha ukuta wa nyuma.

Sasa serikali inazungusha kamati ya kukagua kila hospitali ilivyojiandaa. Huko walikoanza wamekuta upungufu, na mganga mkuu wa hospitali hiyo kasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Wa kwetu amepata homa isiyo ya ugonjwa. Leo asubuhi aliniita ofisini, yupo na katibu wa hospitali, yule tunayemwita Bwana Mhuri.

"Futa yale machaki yako," mganga mkuu akaniambia. "Alhamisi nataka mitungi yote isimame mbele, safi, na wewe utasaini fomu kwamba imejaa."

Nikamwambia haijajaa. Bwana Mhuri akacheka mpaka barakoa ikamshuka puani. "Dada yangu, kwani kuna mkaguzi anayeona hewa?"

Naogopa, Baba. Nikikataa, nje ya geti kuna watu chungu nzima wanaoitaka nafasi yangu. Nikikubali, sijui nitakuwa nimefanya nini. Nijibu upesi.

Ni mimi mwanao.


Ijumaa, tarehe 6 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi wazima. Shangazi yako anakusalimu na anasema unywe maji ya moto. Magoti ni yaleyale, na simu uniache nayo. Barua yako imenifikia leo, basi lilikwama njiani siku mbili. Alhamisi yenu imepita, naomba kamati nayo iwe imekwama.

Usisaini. Naanza na hilo ili hata kama hutasoma mpaka mwisho uwe umelipata.

Nitakuambia jambo ambalo nilimwambia marehemu mama yako peke yake. Siku zote ulidhani ile chaki na ile kugonga mitungi kwa spana ni uzee wangu tu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nesi alikuja mbio akitaka mtungi, nami nikampa ule uliokuwa karibu. Sikuugonga. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mtu mnene mwenye maneno mengi, asubuhi yake alikuwa amenitania kwamba suruali yangu inahitaji huruma yake. Mtungi ulikuwa mtupu. Walipokuja kuchukua mwingine, fundi alikuwa ameshakwenda. Hakuna aliyenilaumu kwa sababu hakuna aliyejua.

Tangu siku hiyo sikuutoa mtungi bila kuugonga. Uliojaa hujibu kwa sauti nzito, fupi, kama unagonga gunia. Mtupu unalia, na mlio wake unakwenda mbali. Geji za kupimia hewa zinakufa kila siku, sikio halifi. Na msalaba wa chaki ni kwa ajili ya siku ambayo wewe hupo, mwingine akaingia na haraka zake.

Waambie ukweli hao wakubwa. Wakikufukuza, njoo huku, tutakula tutakachokipata.

Mimi nina kikohozi kidogo. Ni vumbi la ghalani, usianze kulia.

Baba yako.


Jumapili, tarehe 8 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na pole na kikohozi. Barua yako nimeipata leo. Nimeisoma nimekaa juu ya ndoo mlangoni mwa stoo.

Nilisaini, Baba. Alhamisi.

Walikuja watu watano, wanatembea haraka, hawagusi kitu. Mwenyekiti wao ni mama mmoja aliyechomeka kalamu kwenye nywele. Alisimama mbele ya mitungi, akaitazama, akanitazama mimi. "Yote imejaa?" Mganga mkuu alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyohema. Nikasema, "Yote, mama." Akachomoa kalamu, akaandika, wakaondoka. Haikuchukua hata dakika nne. Kama angechukua funguo zake tu akagonga mmoja, angesikia.

Sasa mambo ni mabaya zaidi. Nilipoifuta chaki na kusogeza mitungi mbele, wahudumu walinisaidia, ikachanganyika. Nataka kurudisha alama, mganga mkuu amekataa katakata, anasema kamati inaweza kurudi ghafla. Kwa hiyo nagonga mmoja mmoja kila unapotoka. Lakini jana nilipokwenda kula, mtu alifungua stoo kwa ufunguo wa akiba na kubeba minne kwenda wodini. Sijui ni ipi. Wodini geji ni mbili, na moja imekufa. Na kule juu hawaniruhusu kupanda.

Kila ninaposikia miguu inakimbia juu ya dari, naanza kuihesabu upya mitungi iliyotoka. Fundi wako cherehani sasa ninaye mimi, sijui tu ni kitanda cha ngapi.

Naomba kitu kimoja. Hicho kikohozi kikizidi, usije huku. Nakuomba, Baba. Nenda ile hospitali ya ng'ambo ya mto, ni ndogo lakini wana mashine yao wenyewe ya kutengeneza oksijeni.

Mwanao.


Jumanne, tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Utaona mwandiko unakwenda upogo, naandika nimelala, akili bado ninayo. Kikohozi kimezidi. Tangu jana nikitoka kitandani mpaka mlangoni napumzika mara mbili. Shangazi yako analia jikoni akidhani simsikii.

Mganga wa zahanati amesema niende penye oksijeni. Shangazi alitaka tuende ng'ambo ya mto kwa sababu ni karibu. Lakini tumesikia redioni jana: kamati imesoma ripoti, na hospitali yetu imesifiwa. Mitungi sitini na minne, yote imejaa. Nikamwambia shangazi, unasikia? Mwanangu hawezi kusaini uongo, huyo namjua. Maana yake fungu limetoka, wamejaza. Niliona fahari, nikakohoa kwa fahari mpaka nikapewa maji.

Basi nakuja kwetu. Nikilala, nilale kwenye hewa iliyotoka mkononi mwa binti yangu. Jirani atanileta kesho kwa gari lake la mboga. Shangazi anampelekea dereva barua hii sasa hivi. Nisubiri getini.

Baba yako.


Jumatano, tarehe 11 Machi, saa tatu asubuhi

Baba, usije.

Barua yako nimeipokea sasa hivi. Simu ya shangazi haipatikani, nimepiga mpaka chaji imekwisha. Dereva anageuza basi, ananipigia honi, sina muda wa salamu, nisamehe. Hukuipata ya Jumapili? Ile redio ni mimi. Sitini na minne ni mimi. Ni uongo wangu, haikujazwa hata mmoja. Kama bado uko nyumbani, mwambie jirani ageuze aelekee ng'ambo ya mto. Kama uko njiani, ugeuke. Nimemwambia dereva akiliona gari la mboga alisimamishe hata katikati ya barabara.

Mimi nitakaa getini. Naomba nisikuone.

Mwanao.


Alhamisi, tarehe 12 Machi
Wodi ya pili, kitanda cha saba

Mwanangu,

Hujambo? Jana nilikuona getini, ukaja mbio ukinipungia mikono tugeuke. Nilidhani ni furaha, nikakupungia na mimi. Wahudumu wakanivalisha barakoa, wakanipandisha juu, hatukupata kusemezana. Nesi huyu mrefu amekubali kukushushia karatasi hii baada ya kuipangusa kwa dawa. Nimeandika nyuma ya chati ya homa, wanisamehe.

Barua yako ya Jumapili nimeiona jana usiku. Shangazi yako aliipokea Jumanne alipokwenda kumpa dereva ya kwangu, akaitia kwenye mfuko wangu wa nguo bila kusema, akidhani barua inaweza kungoja mgonjwa apone. Niliikuta nikitafuta soksi. Nimeisoma mara mbili.

Nina hasira na wewe. Nataka uijue, nisije nikaonekana mpole kwa sababu naumwa. Lakini hasira itangoja, kuna kazi.

Asubuhi walipoleta uji nilibaki na kijiko. Wamezoea wazee wenye visirani, kwa hiyo hawakunizuia. Nilizunguka nikishika vitanda, natembea hatua tatu napumzika. Mitungi humu ni minane. Nimegonga yote. Kitanda cha pili unalia. Cha nne unalia. Uliosimama mlangoni kama akiba unalia kuliko yote. Wa cha pili ni mwalimu, bado kijana, amefungwa barakoa ya hewa isiyotoa kitu, na anatushukuru. Nesi amemuunganisha na mtungi wangu, tunagawana zamu, na wa cha nne anagawana na jirani yake. Namba za mitungi hiyo mitatu nimeziandika upande wa pili, penye chati, na nesi ametia sahihi.

Chukua chaki urudishe misalaba, mbele ya mganga mkuu, mbele ya yeyote. Kisha karatasi hii umpelekee yule mama mwenye kalamu kwenye nywele. Mwambie umedanganya wewe, na sisi huku juu ndio tunaoulipia huo uongo. Najua unaogopa. Mimi niliogopa miaka thelathini na moja, na fundi hakurudi.

Mtungi wangu mpaka sasa ni mzito. Dirisha langu liko juu ya mlango wa stoo, nakusikia ukikokota mitungi. Basi tuelewane hivi: kila saa nitaugonga. Ukisikia unalia, uje na mwingine, hata wakikuzuia. Usiposikia kitu, ujue ninapumua vizuri.

Baba yako.


Ijumaa, tarehe 13 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako? Mimi mzima.

Nimefanya. Jana nilichora misalaba yote. Mganga mkuu alisimama mlangoni akaniambia nimejimaliza na nimemmaliza na yeye. Karibu nimwonee huruma, Baba. Bwana Mhuri alichukua kitambaa akaanza kufuta msalaba wa kwanza. Nikaugonga kwa spana mbele yake, ukalia mpaka wagonjwa wa nje wakageuka. Akaacha kufuta. Iliyojaa imebaki mitano. Mitatu nikampa nesi mrefu badala ya ile uliyoniandikia.

Kisha nikaenda kwa miguu mpaka wanakofikia kamati. Yule mama aliisoma karatasi yako amesimama, akauliza, "Huyu mzee ni nani?" Nikasema ni baba yangu, ndiye aliyekuwa na stoo kabla yangu. Akaniuliza kwa nini nilimwambia yote imejaa. Nikasema niliogopa. Akasema na yeye angepaswa kugonga. Usiku uleule alipiga simu, na leo alfajiri lori limekwenda kiwandani kujaza. Wanasema litarudi saa tisa. Mimi nimeambiwa nisitoke stoo mpaka nitakapoitwa kuandika maelezo, na askari amekaa juu ya ile ndoo yangu. Kazi imekwisha, hilo nalijua. Huko kwingine watakaponipeleka sijui.

Mitungi miwili iliyobaki nimeiweka karibu na ngazi. Mmoja ni wako.

Sasa ni saa sita. Tangu saa mbili nimesimama chini ya dirisha lako, sikokoti kitu, nimemwomba askari hata asikohoe. Sijasikia kitu. Uliniambia nisiposikia kitu, unapumua vizuri. Nilifurahi saa ya kwanza. Saa ya pili nikaanza kufikiri, maana mtungi uliojaa hausikiki huku chini, na mkono usiogonga nao hausikiki.

Nesi mrefu zamu yake imekwisha, wa sasa simjui. Nampa askari karatasi hii aipeleke mpaka mlango wa wodi.

Baba, achana na mtungi. Gonga kitanda. Gonga dirisha, gonga sahani, gonga chochote kinacholia. Hata kama bado una hasira na mimi.

Nipo hapa chini, nasikiliza.

Mwanao.