Anasema Ameokoka

Voi, Jumatatu. Huu ni mwaka wa arobaini na tatu tangu nitoke kwetu magharibi, na sanduku la bati, kuja kuwa karani wa stesheni ya reli. Ni mwaka wa kumi na saba tangu niache kuamini kwamba Mungu yuko. Jua limewaka tangu saa mbili, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kitabu ninachojaribu kusoma.

Hesabu hiyo ya pili sijawahi kuiandika popote. Blogu hii husomwa na watu wachache wasionijua, na leo nashukuru kwa hilo.

Mimi ni mkalimani wa kanisa. Wageni wakija na Kiingereza chao, husimama kando yao nikakigeuza Kiswahili. Kazi hii ina sheria moja: mkalimani hana nafsi yake. Mhubiri akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Sheria hiyo ndiyo iliyonificha. Nimesema "nimeokoka" mara nyingi kuliko mchungaji, na kwa miaka kumi na saba halikuwa neno langu.

Jana nilikosea.

Mgeni kutoka ng'ambo alifumba macho, akainua mkono, akasema ameokoka na anajua aendako. Nami, kwa sauti ileile ya kila Jumapili, nikasema: "Anasema ameokoka. Anasema anajua aendako."

Kanisa likaangua kicheko. Mgeni, asiyejua Kiswahili hata kidogo, akadhani amewafurahisha, akatabasamu.

Nje, Mwakio, mzee mwenzangu wa kanisa, alinishika bega. "Leo ulikuwa mkalimani ama karani wa korti? 'Mheshimiwa, mshtakiwa anasema ameokoka!'" Wote walicheka, nami nikawazidi.

Mke wangu hakucheka.

Yeye ni mtu wa Werugha, huko juu kwenye vilima vya Taita. Kanisa hili ni la ndugu zake, shangazi zake, na wanawake aliozeeka nao. Mimi nilikuja Voi peke yangu. Watu nilio nao ni hawa alionipa yeye. Tulipofika nyumbani aliketi bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Baba Mghoi, tangu lini?"

Ningeweza kusema ulimi uliteleza. Nilimwambia kweli: tangu mwaka wangu wa mwisho kazini. Hakukuwa na msiba, wala mtu aliyenikosea. Nilisoma, nikauliza, nikangoja. Imani iliisha kama kipande cha sabuni: unakitumia kila siku, na asubuhi moja mkono unagusa kisahani kitupu. Baba yangu, aliyetuamsha alfajiri kwa sala utoto wetu wote, alikuwa bado hai. Naye sikumwambia.

"Na ulipokuwa ukiniombea hospitalini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa miaka yote. Nilisema nilitaka apone, nikatumia maneno aliyoyajua.

Alivua kitambaa, akakikunja. Kisha: "Mimi nimejua. Yatosha mmoja kujua. Jumapili utatafsiri kama kawaida. Wakijua, mimi nitakaa na nani hapa?"

Nikishuka madhabahuni nitakuwa huru peke yangu, naye atabaki akiulizwa kila Jumatano na akina mama wenzake wa maombi mumewe amepatwa na nini. Nikibaki, nitasema maneno ya wengine hadi sauti iniishe, kisha watanizika kwa nyimbo na kusema nilikuwa chombo cha Bwana. Na sitakuwa na wa kunitafsiria.

Leo asubuhi alinimiminia chai, akaiombea. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu aliomba macho wazi, akiniangalia. Mimi pia sikufumba. Tulitazamana hadi "amina", kisha akanisogezea sukari.

Jumapili nitapanda madhabahuni, kwa sababu yeye ameniomba.

Kwenye imani sitarudi.